Bado kwa Lugha Tatu

Kwa miaka mitatu kazi yangu ilikuwa kuwauliza wanawake wa watu kwa nini hawana watoto. Mtaani ukiuliza hivyo unaitwa mbea, lakini chuoni Marekani, pale College Park, jambo hilo liliitwa utafiti linganishi wa jamii mbili jirani. Wakorea upande mmoja, Wajapani upande wa pili, nchi zilizotenganishwa na kipande cha bahari, zote mbili zikifunga shule kwa kukosa wanafunzi, na mimi mwanamke wa Tanga nimekaa katikati na kinasa sauti. Wenzangu wa nyumbani tukikutana harusini walikuwa wakiniuliza, "Hivi Wachina wanakuhusu nini?" Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha. Baadaye nikawa nasema tu kwamba Wachina ni watu wazuri, naendelea na pilau yangu.

Chuo hakikuwa na fedha ya kunipeleka Seoul wala Tokyo, kwa hiyo niliwatafuta waliokuwa wakiishi hapahapa kandokando ya Washington: wake wa wafanyakazi wa kampuni, wauguzi, walimu wa piano, wanawake walioolewa na wasio na mtoto. Tulizungumza Kiingereza, na kwa kuwa hakikuwa chetu sote, tulizungumza polepole, kila mtu akichagua maneno yake.

Hojaji yangu ilianza na swali jepesi: una watoto? Visanduku vilikuwa viwili, ndiyo na hapana. Wengi wao waliviacha vyote viwili vitupu. Nikiwauliza kwa mdomo, wananijibu, "Not yet." Mmoja aliyenijibu hivyo alikuwa na miaka zaidi ya arobaini na mitano na nywele zimeanza kuwa nyeupe. Msimamizi wangu alisema hawakuelewa swali. Mimi nilisema wamelielewa kuliko yeye.

Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa jambo hili. Kwetu ukiulizwa kama una mtoto, hujibu hapana. Hapana ni kumfungia Mungu mlango. Unasema bado, hata ukiwa na miaka hamsini, na aliyekuuliza anasema inshallah, kisha mnageukia bei ya nazi. Nikawauliza wale wanawake wanasemaje katika lugha zao. Wakorea wakaniambia: ajik. Wajapani wakaniambia: mada. Yaani bado, na bado. Siku niliyolithibitisha hilo nilirudi nyumbani nimesimama kwenye basi lililojaa, barabara imechimbuliwa kwa ajili ya ile reli mpya isiyokwisha, na nilikuwa nacheka peke yangu. Mwanafunzi akipata kitu chake mwenyewe, hata kikiwa neno moja, anajiona tajiri.

Nikaongeza kisanduku cha tatu. Msimamizi wangu, mwanamke wa Kimarekani mpole asiyepitisha kitu kirahisi, alikitazama muda mrefu. "Unawasikia kwa sikio la kwenu," aliniambia. "Neno kufanana si lazima lifanye kazi ileile. Mtu akikwambia bado, muulize bado nini." Nilimwona mkaidi. Nilitoka ofisini kwake nimefura, nikampigia mume wangu simu, nikamsengenya yule mama mpaka nikafika kituoni.

Mume wangu ni mtu wa Mombasa. Alikuwa dereva wa basi dogo la hoteli, anachukua wageni uwanja wa ndege na kuwarudisha, na kwa muda wote niliomjua sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. "Usi-stress, mpenzi," alinijibu siku ile. "Mpe time, ata-understand tu." Alikuwa na kipaji cha kuahirisha ugomvi. Watu walinisifia kwamba nimepata mume, na mimi nilijisifia pia.

Wanawake wawili walinikaa moyoni kuliko wengine wote. Mmoja alikuwa Mkorea wa Germantown, fundi wa meno ya bandia, anaishi katika nyumba mpya iliyobanana na nyumba nyingine zinazofanana nayo, na baiskeli za watoto wa jirani zimelala hadi mlangoni kwake. Alinimiminia chai ya shayiri, akajibu maswali yangu kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye niliyetumwa na ukoo wa mumewe. Kila sikukuu ya mavuno, alisema, mama mkwe alikuwa anampigia simu na kumuuliza, naye anajibu ajik. Mwaka mmoja alichoka, akasema hapana, hatutaki. "Aliweka simu chini," aliniambia, "na tangu siku hiyo anampigia mume wangu akiwa kazini." Nikamuuliza kama anajuta. Akaniuliza swali hilo lina kisanduku gani.

Wa pili alikuwa Mjapani, mfasiri wa mikataba, anaishi Bethesda katika fleti safi mpaka niliona aibu kwa soksi zangu. Huyu hakukasirika hata kidogo. Alisema alikuwa akisema mada kwa miaka mingi, na kila aliyemuuliza aliinamisha kichwa kwa heshima. Kisha siku moja aligundua kwamba hakuna anayemuuliza tena. Hakuna aliyemwambia kwamba muda umekwisha. "Watu walijua kabla yangu," alisema, akanikatia kipande kingine cha keki.

Hapo nikaanza kuona tofauti niliyoitafuta. Kwa wanawake wangu wachache, Wakorea walisema bado ili kumzuia mtu aliye nje, na Wajapani walisema bado mpaka watu wa nje wakanyamaza wenyewe. Sijui kama ni kweli kwa nchi nzima, na nisingethubutu kuapa. Lakini wote wawili waliniuliza mwishoni, kama walivyoniuliza wengi, "Na wewe je?" Nikawajibu kwa Kiingereza chao: "Not yet." Yule wa Germantown alinitazama tumboni bila kujificha.

Wakati ule nilikuwa nimeshapoteza mimba tatu. Sikusema. Utafiti una kanuni zake kuhusu nani anamhoji nani, na nilizipenda kanuni hizo kwa sababu zilinificha.

Mimba ya nne ilitoka na damu isiyokatika. Uvimbe ulikuwa umeshika kila mahali, daktari akasema, na asingeweza kuniokoa mimi na kizazi pia. Nilizinduka nimetolewa kizazi. Mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, bado kavaa sare ya hoteli, amevimba macho. Alinishika mkono akasema, "Tuko wawili, tunatosha." Nilimwamini. Sitajifanya leo kwamba niliona kitu usoni mwake, sikuona. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya nikahi.

Tukabaki na swali la mama yake. Mama mkwe wangu ni mwanamke mkweli wa kutisha, wa aina ya kukwambia umenenepa kabla hujavua viatu. Alikuwa akipiga simu kila Jumapili asubuhi, ambapo kwao Mombasa ni alasiri, na kila Jumapili kabla ya hospitali alikuwa akiniuliza mimi moja kwa moja, "Vipi mwanangu, bado?" Nami namjibu, "Bado, Mama, tuombee." Mume wangu aliniomba nisimwambie habari ya operesheni. "Mama ana pressure," alisema. "Niachie mimi, nita-handle." Nikamwachia. Nilikuwa sina nguvu ya kubishana na mtu yeyote, hata ya kupanda ngazi hadi fleti yetu ya ghorofa ya tatu, pale Langley Park, bila kupumzika.

Miezi ilipita nikapata nafuu. Kiangazi hicho mume wangu akafiwa na baba yake mdogo, akaenda Mombasa kuzika. Mimi nilibaki kwa sababu ya mahojiano. Alikaa zaidi kuliko alivyokusudia; mambo ya mirathi, alisema. Aliporudi alileta achari ya maembe, kanga mbili, na salamu za kila mtu.

Nikaanza kusikia badiliko katika simu za Jumapili. Tangu hospitali mama mkwe hakuniuliza tena mimi; sasa akaanza kumuuliza mwanawe. Alinisalimia, akaniombea afya, akauliza habari za masomo ambayo hakuwahi kuyaelewa, kisha akamtaka mwanawe. Na kwa kuwa mume wangu alikuwa akipika chapati Jumapili, mikono imejaa unga, simu ilikaa mezani na sauti ikasikika nyumba nzima.

"Vipi, bado?" anauliza mama.

"Bado, Mama."

"Hata wiki hii?"

"Nipe muda, Mama. Mambo hayaendi hivyo."

"Siku zaenda, baba. Siku haziko nyingi."

Mimi niko chumbani na majedwali yangu, nasikia, na moyo unaniuma kwa huruma. Nilikuwa nafikiri: huyu mtu anamdanganya mama yake mzazi kila wiki kwa ajili yangu. Anabeba lawama ili mimi nisiulizwe. Nilimwonea huruma na nikamwonea huruma yule mama pia, mwanamke mzima anayengoja mjukuu ambaye hayupo. Nilikuwa nimeandika sura nzima kuhusu wanawake wanaosema bado, nikiwasifu waliothubutu kusema hapana, na nyumbani kwangu nilikuwa namwacha mwanamume aseme bado kwa niaba yangu. Niliona unafiki wa jambo hilo. Nikaamua kumtua mume wangu mzigo.

Ilikuwa Jumapili ya baridi. Simu ikaita, salamu zikapita, mama akauliza lile swali, mume wangu akajibu kama kawaida yake huku anakanda unga. Nikatoka chumbani, nikasimama karibu na meza.

"Mama," nikasema, "usimuulize tena. Hakuna bado. Mimi nilitolewa kizazi hospitalini, sitazaa. Mwanao anakuficha kwa sababu yangu. Nisamehe."

Mume wangu aliinua mikono yake yenye unga kama mtu aliyenyooshewa bunduki. Niliona uso wake, na nilidhani ni hofu ya presha ya mama yake.

"Mwanangu," alisema mama mkwe, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko nilivyowahi kuisikia, "hilo nalijua. Nalijua tangu ulipolazwa. Alinipigia siku ileile, alia kama mtoto. Sikukutajia nisije nikakutonesha."

Sikuelewa. Nilimtazama mume wangu, naye anatazama unga.

"Sasa kila wiki unamuuliza bado nini, Mama?"

Nikasikia muadhini wa kule kwao, mbali, akianza adhana ndani ya simu.

"Hajakwambia?" akasema.

"Hajaniambia nini?"

"Mpe simu mumeo."

"Niambie wewe, Mama. Wewe hunifichi kitu."

Akavuta pumzi. "Ana mke huku. Alioa alipokuja mazikoni. Mimi nilimwambia, oa ukitaka, ni haki yako, lakini mkeo ajue, usimfanye mjinga. Namuuliza kila wiki kama amekwambia. Kila wiki anambia bado. Na binti wa watu ana mimba kubwa sasa, mwanangu. Yu karibu."

Nilikaa. Kiti kilikuwepo, bahati. Nilisikia hasira ikinipanda mpaka masikioni, lakini kilichotangulia kabla ya hasira kilikuwa aibu, aibu ya kitaaluma, kama inaweza kuitwa hivyo. Nilikuwa nimekaa chumba cha pili, mlango wazi, kalamu mkononi, nikisikiliza neno lilelile nililolisomea miaka mitatu, nikalipa maana yangu mwenyewe kila Jumapili. Nililia, na mama mkwe akalia upande wake, na ni yeye aliyekata simu kwanza kwa sababu ya sala.

Mume wangu alinawa mikono. Alinawa muda mrefu, mpaka kwenye viwiko. Kisha akaja akakaa mbele yangu, akanishika magoti, na akaongea kwa sauti ileile aliyoitumia pale hospitalini. Alisema hakuna kilichobadilika. Alisema yule ni wa kule na mimi ni wa hapa. Alisema ananipenda, na nadhani ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Ningemwelewa kama angekuwa mtu mbaya. Nilimchukia kwa upole ule, kwa chapati zile, kwa kuniacha nimwonee huruma miezi yote hiyo.

"Ungeniambia lini?" nikamuuliza. "Mtoto akianza shule?"

"Nilikuwa nangoja wakati mzuri. Una kazi nyingi, una stress. Nilisema nikuache kwanza umalize tasnifu."

Nilikuwa nimebakiza sura mbili, na jedwali kubwa lililokuwa limerudishwa na msimamizi likiwa na wino mwekundu kila safu. Nikainuka, nikazima jiko lililokuwa linaunguza chapati ya mwisho, nikamwambia nimemaliza.