Kishikwambi Kilichochomekwa Mara Elfu Moja

Mafundi simu wote wa soko la Mwanjelwa wanajua Tusajigwe ana mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alianza ufundi baada ya kuua simu ya mama yake kwa kulazimisha chaja kinyumenyume, na tangu hapo hana utani na tundu la chaji. Wenzake hulehemu vijipini vya katikati tu, basi. Yeye hulehemu na miguu minne ya pembeni ya tundu, hiyo inayobeba purukushani za watu wanaochomeka chaja kama wanachoma mishikaki.

Asubuhi ile Lea, karani wa kikundi cha wakulima wa mpunga kule Madibira, akamwaga mezani kwake vishikwambi kumi na vinane. Vyote vimelegea matundu.

"Mdogo wangu, kila fundi ananiambia kimepona. Wiki mbili, kimekufa! Mavuno yameanza, magunia naandika kwenye boksi la sabuni. Nikuamini wewe kwa lipi?"

"Dada, natengeneza kimoja. Kichomeke, kichomoe mwenyewe mpaka uchoke. Kikilegea, beba vyote umpe huyo." Akamwonyesha kwa kidevu Bushiri, fundi wa meza ya jirani.

Bushiri akacheka. "Mia mbili hakifiki!"

Kilipokuwa tayari, wauza parachichi waliacha parachichi zao. Lea akakaza kitenge. Chomeka, chomoa! Umati unahesabu kama penalti. Mia mbili, Bushiri akakohoa. Mia tano, mkono wa Lea ukafa ganzi, akapokewa na muuza parachichi. Mia tisa!

Elfu moja na kumi na nne, alama ya chaji ikazima.

Moyo wa Tusajigwe ukashuka mpaka kwenye ndala.

"Si nilisema!" Bushiri akaruka.

"Tulia wewe, unazika mtu anapumua." Tusajigwe akatikisa tundu: halichezi. Akatazama kichwa cha chaja: kimepinda, hoi. "Kaka Bushiri, niazime yako."

Bushiri akaitoa kama anang'olewa jino. Ikaingia, ka! Alama ikawaka.

Soko likalipuka kwa vigelegele.

"Chaja inauzwa kila kona," Tusajigwe akapaza sauti, "tundu liko ndani ya mbavu za mashine. Ya nje ife, la ndani libaki!"

Lea akamkumbatia fundi aliyeshika koleo. "Vyote vitengeneze wewe! Nivifuate lini?"

"Keshokutwa, dada."

Bushiri, bila kuitwa, akavuta stuli karibu. "Hiyo miguu minne... unaanzia upi?"