Mashini ya Ng'ambo ya Barabara

Mimi si mtu wa kutulia. Mama alikuwa akisema nilizaliwa njiani, ndiyo sababu, na mpaka leo sijui kama alikuwa akinitania. Nikiwa Kamalondo, hapa mjini Lubumbashi, kwenye cherehani yangu, baa zikianza kufungulia muziki kila moja wa kwake, natamani kijijini kwetu upande wa Kasenga, ambako jirani akipasua kuni unamjua kwa mlio wa shoka lake. Nikifika huko, kabla vumbi la lori halijanitoka kichwani, nimeshapanda juu ya kichuguu kutafuta rezo, mtandao wa simu. Mama mdogo hunitazama kutoka chini akicheka. Anasema mtoto wa mjini amepanda kuongea na Mungu.

Nyumba ninayopanga iko mtaa wa Hewa Bora. Ng'ambo ya barabara kuna mashini ya kusaga mahindi. Huanza kunguruma asubuhi na haina mapumziko, isipokuwa kuran ikienda. Kuran ndivyo tunavyouita umeme huku. Ikinyamaza, wamama walio kwenye mstari na mabeseni yao hupiga kelele kwa pamoja, "Kuran imeenda!" kana kwamba kuna asiyejua. Ukuta wa chumba changu hutetemeka mchana kutwa, na unga hukaa hata kwenye majani ya mihogo niliyopanda uani. Nimeuzoea mlio ule kiasi kwamba ukikatika nashtuka.

Hapo ndipo nilipomleta mama, baada ya baba kufariki.

Sikumbembeleza. Alikuwa ameanguka shambani kwake, akalala chini na mguu wake mbovu katikati ya mihogo mpaka watu waliokuwa wakitoka mtoni walipomwona. Niliposikia habari hiyo sikuweza kushona hata pindo. Nilipanda lori, nikamfungia virago mwenyewe, nikamwambia: sasa utakaa na mimi, basi. Nilitaka akae moja kwa moja. Habari ya baba ilinikuta nikiwa kwenye cherehani, mguu juu ya pedali, na sikuwa tayari habari ya mama inikute vilevile.

Mwanzoni mji ulimpendeza. Bomba la uani, siku lilipokuwa na maji, alilisifu kama mkwe mwema. Alipenda mkate wa asubuhi. Kilichomshinda ni salamu. Kwetu humpiti mtu bila kumuuliza alivyolala, watoto wake, mihogo yake. Mama alisimama kwenye mlango wa uzio akiwasalimia wote waliopita, hata wa pikipiki, na alikasirika kwelikweli walipotokomea kabla hajafika kwenye habari za watoto.

"Bale bantu banakimbia nini?" aliniuliza.

"Banaenda ku kazi, mama."

"Kazi itabatoroka?"

Kisha kukawa na kilio, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa amefariki baba mmoja ambaye mimi, miaka yote niliyokaa pale, nilimjua kwa kofia yake tu. Turubai likatandazwa mpaka nusu ya barabara, viti vya plastiki vikapangwa. Mimi nilikuwa Kamalondo. Yaliyotokea nilisimuliwa na wamama wa kwenye mstari, na kila mmoja alitia chumvi yake, lakini kiini kilikuwa kilekile.

Lazima nieleze kwanza. Kwetu, mtu akifa, hakuna anayegusa jembe mpaka azikwe. Vinu navyo vinalala. Watu wanakula unga uliotwangwa jana. Ukionekana unalima siku hiyo, hakuna atakayekuuliza neno. Watakutazama tu, na kila mmoja atakumbuka mara ya mwisho ulipogombana na marehemu. Basi mama alipoliona turubai, akasikia watu wanalia na mashini bado inasaga, alidhani mwenye mashini hajapata habari. Hakuwa na fikra nyingine. Akachukua fimbo yake, akavuka barabara kwenda kumwambia.

"Papa, kuko kilio."

"Niko najua, mama."

"Unajua, na unasaga?"

Mwenye mashini ni mtu mzima, mnene, mwenye kope nyeupe kwa unga siku zote. Alimjibu kwa heshima. "Mama, huku mu mji bantu banakufa kila siku. Nikizimisha, bale bamama bote batakula nini?"

"Batakula bukari ya unga ya jana."

Watu wakacheka. Mama hakucheka. Aliketi mlangoni pa mashini juu ya gunia, fimbo kati ya magoti, akasema atangoja. Wamama wakawa wanapita juu ya miguu yake na mabeseni. Alikaa hapo muda mrefu, mpaka kuran ikaenda. Mashini ikashusha sauti, ikakohoa, ikanyamaza, na vilio vya nyumba ya tatu vikasikika wazi. Mama akasimama. Akainama kidogo, akapiga makofi polepole kama tunavyomshukuru mkubwa kwetu.

"Aksanti, papa. Weye uko muntu."

Wanasema mwenye mashini alikitazama kishikio cha umeme ukutani, ambacho hakuwa amekigusa. "Njo vile, mama," akasema. Na kati ya wamama wote wale wenye midomo, hakuna aliyepiga ile kelele ya kuran siku hiyo.

Jioni nilimkuta mama anaimba huku akisonga bukari.

"Huku pia kuko bantu," aliniambia. "Nilikuwa nafikiri sitaweza. Sasa nitakaa."

Mimi nilikuwa nimeshasimuliwa yote njiani. Nilimtazama, nikaona uso wake ulivyonyooka, nikamwacha aamini hivyo. Nilifurahi mno kwamba atakaa. Usiku ule nilianza kupiga hesabu ya kitanda kikubwa zaidi.

Basi mama akawa mtu wa vilio. Hewa Bora imejaa watu, na penye watu wengi hapakosi msiba. Alikwenda kwa watu asiowajua, akakaa chini na wafiwa, akarudi mguu umevimba kama kiazi. Ni aibu kusema, lakini nilianza kukereka. Kila aliposikia kilio alivuka kwanza kwa mwenye mashini, na mwenye mashini alipotikisa kichwa, yeye aliketi juu ya gunia lake kungoja. Barabarani watu walianza kuniita mutoto ya mama ya kilio. Mimi, fundi wa nguo, niliyeshona gauni za nusu ya maharusi wa Kamalondo!

Siku moja nilikwenda Golf, mtaa wa matajiri, kumpima mteja. Mlinzi alinisimamisha nje ya geti juani, haamini kama nimeitwa, na nilipoingia mteja alinipokea akiwa anaongea na simu, akanyoosha mikono nimpime bila kunisalimia. Nilirudi kwa miguu nusu ya njia kwa hasira. Nilipofika kwetu nikamkuta mama mlangoni pa mashini, juu ya gunia, mwenye mashini anajaribu kumweleza kitu kwa kupaza sauti juu ya mngurumo, na mstari mzima unacheka. Nilimshika mkono, nikamvusha barabara.

"Mama, ile siku hakuzimisha!" nilimwambia tukiwa bado hatujaingia ndani. "Ilikuwa kuran njo ilienda. Huku hakuna muntu anasimamisha kazi juu ya muntu!"

Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayejumlisha mambo.

"Hata miye nikikufa?"

Ningeweza kumdanganya. Nilikuwa nimechoka, na mashini ilikuwa inasaga, nikageuka kuitazama. Halafu akasema, "Basi unirudishe kwetu."

Nilibisha, nililia, nilimkumbusha ile siku ya kulala katikati ya mihogo. Alijibu kwamba aliokotwa, sivyo? Mwenda kwao si mtumwa. Huwezi kumfunga kamba. Nikapanda lori juu ya magunia, mama kakaa mbele na dereva akimuuliza habari za watoto wake mpaka mwisho.

Nilikaa naye kijijini nikiwa na nia kabisa ya kubaki. Nasema kweli. Nilijiambia cherehani inashona popote. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na siku ya tatu nilinyoosha mkono mwenyewe, nikachukua jembe ukutani kwa mama mdogo. Alininyang'anya kwa upole, kama binti yake.

"Acha, mama. Hii mikono iko ya kushona. Utachubuka."

Akaniletea kiti. Wote walikuwa wameketi chini, mama pia, miguu wameinyoosha, wanamenya mihogo na kusengenya, na mimi niko juu ya kiti kama mkaguzi wa shule. Walinichinjia kuku. Kuku huchinjiwa mgeni. Mchana nilizunguka kijiji chote, nikarudi, nikazunguka tena. Kimya kilikuwa kinaniuma masikioni, na nilijigundua nategea mngurumo. Nikapanda kichuguu. Rezo ikashika, ujumbe wa wateja ukaingia mfululizo, na moyo wangu, bila kuniomba ruhusa, ukafurahi. Lori lililofuata likanirudisha Lubumbashi, na lilipopita daraja tu nikaanza kumkumbuka mama.

Tangu hapo tuliongea kwa simu. Mama hakuweza kupanda kichuguu kwa sababu ya mguu. Mama mdogo alipanda na simu, mama akasimama chini akipiga kelele, na mama mdogo akanipitishia maneno.

"Anauliza unakula?"

"Mwambie nakula."

"Anauliza papa ya mashini anaendelea?"

"Mwambie anasaga."

Na kutoka chini nilisikia kicheko chake, kidogo, kama kinatoka ndani ya mtungi. Sikujua kama ananicheka mimi au mwenye mashini. Kila tulipoagana nilimuuliza kama atarudi, na kila mara mama mdogo alisema rezo ni mbaya.

Asubuhi moja ya masika simu ililia nikiwa uani nafua. Alikuwa mama mdogo. Alitaja jina langu tu. Nilingoja sauti ya chini ya kichuguu. Nilibana simu sikioni kwa nguvu nikiitafuta. Haikuja.

"Hata jembe moja halikutoka leo," mama mdogo alisema, na ndipo alipoanza kulia.

Sikulia. Nilitoka nje na povu mikononi. Nilikwenda mpaka kwenye kona, nikarudi. Nilikwenda tena. Barabara ilikuwa ileile, pikipiki zilezile, na hakuna aliyenitazama. Mimi ningemtazama nani? Lori la Kasenga halikuwa siku hiyo. Sikuwa na pa kwenda na miguu haikutaka kusimama, na hiyo miguu ndiyo iliyonivusha barabara, nikajikuta mlangoni pa mashini, karibu na gunia.

Mwenye mashini aliniona. Akauliza kitu, sikusikia. Nami nikasema, hakusikia. Akaweka mkono sikioni, akainama karibu, kope nyeupe.

"Mama," nilisema.

Alinitazama, akalitazama gunia. Kisha akageuka, akanyanyua mkono ukutani, akashusha kishikio. Mashini ikashusha sauti, ikakohoa, ikanyamaza. Mahindi ya mtu yalibaki nusu juu ya mashini.

Kutoka nyuma ya mstari sauti ya mwanamke ikapanda. "Kuran imeenda?"

"Hapana," mwenye mashini akasema. "Kuran iko. Kuko kilio."

Mmoja mmoja wamama wakatua mabeseni yao chini. Nikaketi juu ya gunia.