Watu Wanane Katika Chumba cha Wanne

Verna Caudill hakuwa mwoga. Alikuwa mpishi katika nyumba ya kulelea wazee kule kwetu milimani, mashariki mwa Kentucky, na mimi jirani yake niliwahi kumwona akimfukuza dubu kwenye pipa la taka kwa mwiko na sufuria, miguuni kavaa ndara. Kwa hiyo aliporudi kutoka Florida kiangazi kile, akawa anashtuka kila mlango ukigongwa, tulidhani ameugua. Ilichukua muda mrefu kabla hajakaa barazani kwangu akanisimulia yote.

Safari yenyewe ilitokana na ahadi, na ahadi haikuwa yake. Dada yake, Rhonda, alikuwa amemwambia bintiye Josie kwamba akifikisha miaka sita atampeleka kwenye ile bustani kubwa ya michezo, yenye kasri na treni za kupinda angani. Rhonda akafariki kwa saratani kabla ya siku hiyo. Watoto wake wawili, Colby na Josie, wakahamia kwa Verna, ambaye tayari alikuwa na watatu wa kwake na mumewe Dwight, fundi wa matairi ya malori. Ongeza na Bibi Opal, mama yake Dwight, aliyekuwa na chumba cha nyuma na maoni juu ya kila kitu.

Josie hakuwahi kudai ahadi ile. Alikuwa akiuliza tu, taratibu, wakati wa kusukwa nywele: "Mamdogo, kule kwenye kasri, watu huwa wanalala wapi?"

Swali hilo ndilo lililomtesa Verna majira yote ya baridi. Kila jioni baada ya vyombo alikuwa anakaa mezani na simu yake akitafuta mahali pa kulala. Hoteli za ndani ya bustani zilikuwa na vyumba vya watu wanne. Familia kubwa iliambiwa ichukue vyumba viwili, au chumba kimoja cha kifamilia ambacho bei yake ingetosha kununua gari bovu. Vibanda vya mbao kwenye kambi ya mahema vilikuwa vimeshachukuliwa hadi mwaka mwingine. Akapata nyumba nzima ya kupanga, nzuri, ina bwawa la kuogelea nyuma. Alipofika mwisho wa kujaza, ikaongezwa ada ya usafi, ada ya hiki, ada ya kile, hadi akaiweka simu kifudifudi mezani.

"Tukapige hema," Dwight alisema.

"Florida mwezi wa saba? Na mama yako?"

"Mimi nipo hapa, nawasikia," Bibi Opal alisema kutoka kwenye kochi. "Hema laleni nyinyi. Mimi nitalala kwenye hilo kasri, nimuulize binti mfalme kama ana dawa ya magoti."

Mwisho Verna akapata hoteli moja ya ghorofa mbili, rangi ya waridi, kando ya barabara kuu ya Kissimmee, karibu na bustani. Chumba kina vitanda viwili vikubwa. Wageni wasizidi wanne. Bei yake waliimudu. Akaandika majina manne: lake, la Dwight, na ya wanawe wawili wa kiume.

Dwight aliliangalia lile jina la nne, halafu akamwangalia mkewe. "Na hawa wengine?"

"Wengine watapita kama upepo."

"Verna."

"Tukisema ukweli hatuendi. Wewe kamwambie Josie hatuendi. Mimi siwezi."

Dwight hakumwambia Josie kitu.

Hofu ilianzia mapokezini. Mwenye hoteli, Bi Hansa, alikuwa mama wa Kigujarati mwenye miwani iliyoning'inia kifuani na sauti ya mwalimu mkuu. Nyuma yake palikuwa na tangazo lililoandikwa kwa mkono: anayezidisha watu chumbani atatolewa siku hiyohiyo na pesa yake hairudi.

"Wanne?" aliuliza.

"Wanne," Verna alijibu, na akahisi shingo yake inawaka. Nje, ndani ya gari lao kubwa, Bibi Opal na watoto watatu walikuwa wameinama chini ya viti.

Tangu saa ile hakupumzika. Waliingia chumbani wawiliwawili. Tessa, binti mkubwa wa miaka kumi na minne, alipewa kazi ya kuchungulia ukumbi wa nje. Taulo nne zilifuta watu wanane. Godoro la upepo lilijazwa kwa mdomo, kwa sababu pampu ingesikika. Bibi Opal peke yake alikataa kujificha. Alipita mbele ya mapokezi kifua mbele, akasalimia, akachukua kahawa ya bure. "Mzee mweupe mwenye fimbo hapa Florida," alisema, "nani atamuuliza anatoka chumba gani?"

Lakini watoto walihitaji mpango. Bi Hansa alikuwa na mazoea ya kuleta taulo yeye mwenyewe, akigonga mara moja tu na kufungua. Basi Verna akatunga mchezo. Mlango ukigongwa, wale watatu wasioandikwa ni sungura. Sungura wanaingia shimoni, hawatoi sauti, hata wakiitwa kwa majina. Wanatoka pale tu Mamdogo mwenyewe anaposema, "Sungura, toka." Anayejificha vizuri kuliko wote anapata pipi.

Colby, mwenye miaka kumi na miwili, aliona aibu, akajificha nyuma ya pazia la bafu kwa shingo upande. Tessa naye hivyohivyo. Josie ndiye aliyeupenda mchezo. Kila jioni pipi ilikuwa yake, na hakukubali kumwambia mtu shimo lake liko wapi.

Bustani yenyewe ilikuwa nzuri, Verna anasema, ingawa yeye hakumbuki sana. Anakumbuka Josie akitazama kasri, kisha akiuliza kama mama yake aliwahi kuliona. Anakumbuka pia kwamba kila alipomwona mtu kavaa sare moyo ulimruka.

Siku moja jua lilikuwa kali mno, wakarudi hotelini mchana. Dwight akaenda na wavulana wote watatu bwawani. Bibi Opal alilala kitandani viatu bado miguuni, Josie akachora sakafuni. Verna na Tessa wakabeba nguo chafu kwenda chumba cha mashine za kufulia, upande wa pili wa jengo.

Mawingu ya kule hayana subira. Mashine ilikuwa haijaanza hata kuzunguka anga lilipogeuka rangi ya chuma. Ngurumo ya kwanza ilitikisa vioo. Ya pili haikuwa ngurumo bali mlipuko, papo hapo, juu ya vichwa vyao, na taa zote zikazimika. Kisha king'ora cha moto kikaanza kulia.

"Mama, harufu gani hiyo?" Tessa aliuliza.

Radi ilikuwa imepiga paa. Walipotoka, moshi ulikuwa unatoka chini ya mabati ya ghorofa ya juu, upande wa chumba chao, ukisukumwa na upepo na mvua. Watu walikuwa wanashuka ngazi wakikimbia, wengine na nguo za kuogelea. Mhudumu mmoja wa vyumba alikuwa anagonga milango yote ya juu kwa ngumi akipiga kelele, "Tokeni! Tokeni!"

Verna aliiona familia yake ikikusanyika kwenye maegesho. Dwight na wavulana, wamelowa. Bibi Opal ameshikilia kitasa cha mlango wa gari, nywele zimesimama.

Bi Hansa alisimama katikati ya mvua na daftari lake la wageni, akisoma vyumba kwa sauti. "Ishirini na sita! Wanne!" Akawatazama. Mwanamume, mwanamke, wavulana. "Nawaona. Sawa. Ishirini na saba!"

"Josie yuko wapi?" Verna alimuuliza Opal.

"Si uko naye wewe?" Uso wa bibi ulikuwa umepauka. "Nimeamka kwa kelele, milango inagongwa, mtoto hayupo. Nikamwita. Nikaita tena na tena, Verna. Nikajua amekufuata kufua."

Mlango uligongwa. Verna alielewa pale pale. Mlango uligongwa, na mtoto akafanya alivyofundishwa.

Jambo ambalo hajajisamehe ni dogo, lina urefu wa pumzi moja. Alimwangalia Bi Hansa na lile daftari, akafikiri, tutatolewa. Wazo lilipita likaisha. Lakini lilipita. Kisha akapiga kelele mpaka maegesho yote yakageuka.

"Kuna mtoto ndani! Ishirini na sita kuna mtoto!"

"Ishirini na sita ni wanne," Bi Hansa alisema. "Wote wako hapa, nimewaona."

"Tuko wanane! Nilikudanganya, tuko wanane! Amejificha, hatatoka!"

Bi Hansa alimtazama kwa muda usiozidi kufumba jicho. Daftari likaanguka kwenye dimbwi. Alikuwa ameshashika funguo zake na kukimbilia ngazi, sari imekunjwa mkononi, na Dwight alikuwa mbele yake.

Mlango ulikuwa umejifunga wenyewe, na kadi yao ya kufungulia ilikuwa ndani. Dwight aliupiga bega. Haukutikisika. Bi Hansa akamsukuma pembeni, akaufungua. Moshi ulikuwa umetanda darini, mweusi, unashuka. Maji yalikuwa yanachuruzika kwenye taa.

"Josie!" Dwight aliita. Akainua godoro. Vitanda vile vilikuwa vimejengwa mpaka sakafuni, hakuna uvungu. Akavuta pazia la bafu likakatika. Hakuna mtu. "Josie, mpenzi, ni mimi! Toka!"

Kilichojibu ni king'ora.

Verna alikuwa amefika mlangoni, Tessa ameng'ang'ania shati lake kutoka nyuma. Alifungua kinywa, sauti ikagoma. Anasema alijaribu mara ya kwanza ikatoka hewa tupu. Akajaribu tena.

"Sungura, toka!"

Chini ya sinki palikuwa na kabati dogo la mabomba, ambalo mtu mzima asingefikiri hata paka angeingia. Mlango wake ukafunguka kidogo. Kwanza ukatoka mkono, halafu uso mwekundu, macho yanatiririka machozi. Josie alikuwa ameuma fulana yake ili asikohoe.

"Nimeshinda?" aliuliza.

Dwight alimnyakua kama mzigo wa nguo. Waliposhuka ngazi, askari wa zimamoto walikuwa ndiyo wanaingia getini. Nyuma yao kitu kizito kikaanguka ndani ya jengo. Baadaye waliambiwa ni dari ya chumba cha jirani.

Walimweka Josie ndani ya gari la wagonjwa, wakamvisha kinyago cha hewa. Daktari alisema mapafu yako sawa. Verna alikaa ukingoni mwa gari akimshika mguu, hakuweza kuuachia. Bi Hansa akaja, amelowa chapachapa, miwani imepotea.

"Zimamoto wangeniuliza," alisema, "ningewaambia chumba hicho hakina mtu. Unaelewa? Ningeapa. Ningewapeleka kwingine."

"Naelewa."

"Huelewi. Ningeishi na hilo maisha yangu yote, na wala nisingejua kosa langu ni lipi." Akafuta uso kwa ncha ya sari. "Kwa nini hukuniambia? Ungeniambia, 'Nina watoto wengi, natafuta mahali pa kulala,' ungeona kama nakula watu."

"Lile tangazo lako, mama," Bibi Opal alisema polepole, safari hii bila mzaha. "Linatisha."

"Sheria ya moto ndiyo inasema wanne! Si mimi!" Bi Hansa alijibu kwa ukali, kisha akaanza kulia, na Bibi Opal akamshika bega kwa mkono wake wenye fimbo.

Hoteli ilifungwa jioni hiyo. Bi Hansa alipiga simu kwa shemeji yake mwenye hoteli nyingine mbele kidogo, akawapatia vyumba viwili vinavyofunguliana kwa ndani. Shemeji hakuwapa nafuu ya bei na wala Verna hakuiomba. Walilipa kwa pesa ya tiketi za siku zilizobaki, kwa hiyo hawakuona tena bustani. Wavulana walinung'unika. Josie hakuuliza.

Nyumbani, mambo hayakuisha upesi. Kwa miezi mingi mleta barua akigonga, nyumba ilinyamaza, halafu wakaanza kumtafuta mtoto. Mara moja walimkuta ndani ya mashine ya kukaushia nguo, na siku hiyo Dwight aling'oa mlango wa mashine ile na kuutupa korongoni. Ilibidi Verna amfundishe upya, akigonga mlango wake mwenyewe kutoka nje, mara kwa mara, Josie akiwa ameshikwa mkono na Tessa, mpaka akaweza kwenda kufungua na kusema, "Karibu."

Leo Josie ana miaka kumi na moja na ni mpiga kelele kama wenzake. Majuzi alimwambia Verna kwamba angependa kurudi kule, kwa sababu kuna treni moja hakupandishwa, alikuwa mfupi.

"Ukamjibuje?" nilimuuliza Verna.

Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili. Barabarani kwetu gari la Dwight lilikuwa linapanda kilima taratibu.

"Nimemwambia nitaona," alisema. "Usiku kucha sikulala. Lakini asubuhi nikampigia Bi Hansa, nikaulizia vyumba viwili."