Dawa ya Wifi Ilivyokula Kidole Changu

Mteja wangu alitapika nikiwa nimefika katikati ya kichwa chake.

Hakuwa na mimba, wala hakula kitu kibaya. Alisikia harufu ya mkono wangu.

Mimi ni msusi. Kidole changu cha kati ndicho kinachovuta nywele kutwa nzima, na kilikuwa kimeanza kukwama. Naamka asubuhi kimejikunja, nakinyoosha kwa mkono wa pili, kinaachia ghafla, maumivu mpaka kiganjani.

Dada wa mume wangu tunamwita Mama Tiba. Hakuna ugonjwa asioujua.

"Wifi, hospitali watakikata hicho," aliniambia. "Changu kilikwama hivyo hivyo, nikapaka dawa yangu. Kione sasa."

Akakikunja, akakikunjua, laini kabisa. Nikaingia mkenge.

Dawa yenyewe vitunguu saumu vilivyopondwa, vikachanganywa na mafuta ya kuku yaliyokaa mpaka yakachacha. Akanipaka, akafunga kitambaa, akanikataza kufungua.

Kidole kikawaka moto. "Inavuta ugonjwa," akasema.

Basi mteja alipotapika, nikafungua.

Jamani. Ngozi ilitoka na kitambaa. Chini yake majimaji ya njano, nyama imevimba, na harufu ya jalala. Mkono wangu mwenyewe ulinitia kinyaa.

Mume wangu hakugomba. Alimpigia simu dada yake: "Dada, umemtibu wewe. Hospitali mtaenda wote."

Njia nzima wifi alijifunika mtandio mpaka puani. Nikajua ni harufu yangu, nikaona aibu.

Daktari wa mifupa alikisafisha huku nalia.

"Ugonjwa wako ulikuwa mdogo," akasema. "Kano inayokunja kidole hupita kwenye mfereji mwembamba. Pakivimba, inakwama. Unapumzisha mkono, unachomwa sindano, ikishindikana tunapasua kidogo tu na unarudi nyumbani. Sasa vitunguu vimekuunguza, na usaha ukiingia kwenye kano, kidole hiki hakitakunjika tena."

Bila kidole hicho mimi si msusi.

Nesi akaingia na dawa. Alipomwona wifi, akatabasamu.

"Mama, umerudi? Kile kidole tulichokuchoma sindano kinaendeleaje?"

Wifi akauvuta mtandio juu zaidi. Kumbe hakuwa anakwepa harufu.

"Wifi," nikasema, "si uliniambia ni dawa yako?"

"Sasa watu wangesemaje," akanong'ona, "wakisikia Mama Tiba naye kaenda kuchomwa sindano?"

Kichefuchefu nilichokisikia pale hakikutoka kidoleni.

Usaha haukufika kwenye kano, nashukuru. Nasuka tena, nikiwa na kovu. Lakini akinipakulia chakula kwa mikono ile, sahani nairudisha.

Ndugu yangu unayesoma, mtu akikuletea dawa aliyoponea yeye, usibishane naye. Mwambie akupeleke alikotibiwa.