Pezi Moja Kwenye Lambo la Ng'ombe

Vuuuum. Mpaka leo nikipita karibu na mzinga wa nyuki, nyayo zangu zinakumbuka. Ni sauti ya pezi likikata maji chini ya ubao wa kuteleza kwenye mawimbi, hapa hapa Nyangoto, ambako bahari hatujaiona hata kwa mbali. Usicheke kwanza, ngoja nikusimulie.

Ilikuwa miaka ile ya dhahabu, kila ua lina rundo la mawe, na asubuhi nyundo zinakuamsha kabla ya jogoo. Bibi yangu alikuwa akimfulia nguo mgeni mmoja aliyefanya kazi mgodini. Mgeni alipohama akamwachia ubao wake: mrefu kuliko mlango wetu, mweupe, laini kama kibuyu kilichopakwa samli, na chini yake, karibu na mkia, pezi moja tu kama la samaki. Alimwambia Bibi, "Huu ukishika njia hautikisiki. Ila kuugeuza ni shughuli."

Bibi hakuwaza bahari. Aliwaza mwalo, ule ubao wa mteremko wa kuoshea mchanga ili dhahabu inase kwenye gunia. Wake ulikuwa wa kuazima, na mwenyewe alishaanza kuudai. Tatizo lilikuwa pezi; kwa sababu yake ubao haulali chini. Akasema Jumamosi atalikata kwa msumeno.

Mimi nilishalipenda. Kila nikitoka shule nilikwenda kulipapasa, nikijiona nimesimama juu ya maji. Siku tatu sikula vizuri, hata ugali wa muhogo kwa dagaa, nikimwomba niupande majini kabla ya msumeno. Bibi akachoka.

"Haya, mara moja tu. Na ukinivunjia mwalo wangu, utaosha mchanga kwa viganja."

Jirani mwenye maksai wa kulimia akafunga kamba kwenye nira, ncha nyingine nikashika mimi, nimepiga magoti juu ya ubao kwenye lambo, bwawa la kunyweshea ng'ombe.

"Mura, kijana wangu, polepole!" Bibi akamwambia.

"Maksai wangu hawaijui polepole, mama," akajibu, akapiga mluzi.

Lo! Wakakimbia kando ya lambo, nami nikasimama. Pezi likaanza kuvuma, mvumo ukapanda kutoka nyayo mpaka kwenye meno. Ubao ulinyooka bila kuyumba hata kidogo. Mimi, mtoto wa kubeba maji kichwani kila siku, leo maji yamenibeba! Sijawahi kuwa mkubwa vile tena.

Lambo likapinda. Maksai wakapinda. Ubao haukupinda.

"Geuza! Geuza!" Bibi akapiga kelele.

Nigeuze na nini? Kamba ikanichomoka, ubao ukaenda moja kwa moja kwenye mawe ya ukingoni, kraa! Nikatua kwenye tope lenye alama za kwato.

Bibi hakuniangalia mimi. Aliupindua ubao, akaupapasa wote. Mzima. Pezi ndilo lililokatika. Nikaanza kulia, yeye akacheka mpaka akakaa chini. "Msumeno wa nini tena? Mjukuu wangu ameshamaliza kazi!"

Aliosha mchanga juu ya ubao ule mpaka nikamaliza darasa la saba. Viatu vyangu vya shule vilitoka pale. Mimi nikabaki na pezi.

Sasa Bibi hayupo, ubao ulipasuka kwa jua, na lambo limekauka, watu wamepanda mahindi. Msimu huu wa mvua nilirudi pale, pezi likiwa kwenye mkoba. Maji yalikuwa yanakimbia kwenye mfereji kati ya matuta. Nikatazama huku na huku, hakuna mtu. Nikachutama, nikalizamisha pezi majini, nikatega sikio.