Zamu Mbili, Jina Moja

Hadi leo nikipita mbele ya mlinzi yeyote wa yadi pale Tunduma nainamisha kichwa, na mkitaka kunicheka chekeni tu, maana aibu hii niliipika mwenyewe.

Nilikuwa nimeandika programu ya yadi ya malori: ukiipa saa ambayo geti lilifunguliwa, inakupa jina la mlinzi aliyekuwa zamu. Sasa, zamu ya asubuhi inaisha saa nane na nusu, ya mchana inaanza saa nane kamili, yaani kwa nusu saa walinzi wako wawili wanakabidhiana, na mimi (kwa uvivu, niseme ukweli) nikaiagiza programu ikishapata jina la kwanza iache kutafuta. Nitarekebisha baadaye, nikajiambia.

Siku hiyo lori likatoka kabla karatasi zake hazijakamilika, saa nane na dakika ishirini mchana. Bosi akakusanya walinzi, madereva, hadi mama anayetuuzia chai, akaniamuru niiulize kompyuta mbele ya wote. Jina likatokea kwenye skrini ya ukutani: Mzee Simbeye.

"Mwanangu," mzee akasema taratibu, "saa hiyo nilikuwa namkabidhi Kasto funguo. Tulikuwa wawili."

Nami, kwa kiburi cha shule, nikamjibu, "Kompyuta haidanganyi, mzee."

Watu wakacheka. Bosi akamwambia avue koti la kazi palepale, naye akavua, akalikunja vizuri, akaliweka mezani kwangu, akaondoka.

Laiti ningeishia hapo! Lakini nikataka kujionyesha, nikafungua orodha nzima ya zamu, na dereva mmoja wa Zambia akanyoosha kidole: "Ba bosi, mbona saa hiyo majina ni mawili?"

Kasto akatazama chini. "Mimi ndiye niliyefungua," akasema. Safari hii nilichekwa mimi, na mama wa chai hakucheka, alinitazama tu, heri angecheka.

Jumapili tukaenda nyumbani kwa mzee, Isansa, mimi na bosi, kumwomba arudi. Alitukaribisha vizuri, akatuombea, kisha akaniambia, "Nimekusamehe, mwanangu. Ila getini sirudi. Wajukuu wangu wameshasikia babu yao alivuliwa koti." Mkewe hakutoka hata kutusalimia.

Programu niliirekebisha kwa dakika tano (tano!), sasa inaleta majina yote. Nimeapa sitamtaja tena mtu mbele za watu kabla sijamwita pembeni nikamsikiliza. Kiapo kizuri. Mzee Simbeye hakimsaidii kitu.