Mvua Iliyosafisha Choo cha Bibi

Mwezi uliopita nilikwenda Mchikichini kuangalia chumba cha kupanga. Nimemaliza chuo, nimepata kibarua kwenye duka la jumla la vitenge Kariakoo, na nilitaka mahali ambapo ningeweza kwenda kazini kwa miguu. Mama mwenye nyumba alikuwa mcheshi. Alinionyesha chumba, bomba na kamba ya kuanikia nguo, mwisho akanipeleka uani.

"Choo chetu hakina shida, mdogo wangu," akasema kwa fahari. "Hatujawahi kuita gari la majitaka. Mvua zikianza kinajisafisha chenyewe."

Nilishukuru, nikaaga, na nilipokata kona nikatema mate mara tatu.

Kama ulikulia upande huu wa mji huhitaji maelezo. Kama hukukulia, nitakueleza, ila usisome huku unakula.

Mimi na mdogo wangu tulilelewa na bibi, mtaa wa tatu kutoka soko la mitumba. Mama alifanya usafi kwenye ofisi za Posta na alirudi jioni amechoka, kwa hiyo likizo ya Desemba ilikuwa mikononi mwa bibi. Nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu sita. Ukisikia watu wakisimulia likizo zao utadhani Desemba ya Dar ilikuwa sukari tupu. Mimi ninachokumbuka ni jasho lililokauka likawa chumvi shingoni, inzi kwenye midomo ya watoto waliolala vibarazani, na harufu ya mihogo ya kukaanga ikichanganyika na harufu ya viatu vya watu wasiojulikana, vilivyomwagwa sokoni kwa magunia. Mihogo ile niliipenda. Hadi leo sijui niliwezaje kuila pale.

Kila asubuhi, kabla hatujatoka, bibi alinisimamisha mlangoni nimtajie masharti. Tusicheze jua la utosi. Tusinunue barafu za ukwaju kwa yule mama aliyefungua mifuko kwa kuipuliza na mdomo. Tusivue ndala, maana msumari wenye kutu haupigi hodi. Tusikanyage mtaroni. "Mtoto anayejilinda hapungukiwi mchezo," alikuwa akisema. Nilikuwa mtoto wa kuogopa, na masharti yalinipa raha. Niliyarudia kichwani hata nikiwa chooni.

Watoto wenzangu walinicheka. Kinara wao alikuwa binti wa fundi cherehani wa nyumba ya nne, mrefu, hodari wa rede kuliko wavulana wote. Ndiye aliyenibandika jina la Nesi. "Nesi, huyu kajikwaa, mwandikie dawa." "Nesi, kivuli kimehama, si ukaombe ruhusa kwa bibi usogee?" Nilimchukia kidogo. Lakini mdogo wangu alipokataliwa na timu zote kwa sababu hakujua kukwepa mpira, binti yule alisema, "Njoo kwangu, wewe ni wa bahati," akamweka nyuma yake.

Siku moja mvua ilikuja mchana bila hodi. Dakika chache tu barabara ikajaa maji, na watoto wote wakatoka na chupi. Bibi alikuwa uani na jirani yetu wa kike, na alishatufungia mlango wa nyuma. Mdogo wangu akaniomba atoke. Nikafikiri, kama ninavyofikiri kila kitu hadi leo, mpaka jambo linapoteza umbo. Bibi alikataza mtaro. Hii ni barabara. Jua la utosi halipo. Ndala anazo. Nikapitia sharti moja moja, nikaona hakuna linalovunjwa.

"Nenda," nikamwambia.

Nilibaki kibarazani nikimtazama. Binti wa fundi alimfundisha kulala chali na kuelea. Mdogo wangu alijaza maji mdomoni na kuyarusha juu kama bomba lililopasuka, akayameza mengine kwa kicheko. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Kisha yakaanza kubadilika, na ikaja harufu. Sitaificha nyuma ya neno la adabu: yalikuwa mavi. Yalipita kwenye uchochoro kati ya nyumba yetu na ya jirani, mengine yakiwa bado na umbo lake, yakaingia katikati ya watoto.

Nikakimbia kumwambia bibi kwamba kuna nyumba imetapisha choo, imefungulia shimo lake mvuani. Nikazunguka kwa uchochoroni, nikikanyaga matofali.

Bibi alikuwa ameinama nyuma ya choo chetu, khanga imefungwa kiunoni, akitoa mawe kwenye tundu la ukuta wa shimo. Jirani alisukuma kwa fagio. Walikuwa wanapiga soga.

"Fanya haraka, shoga, mvua inakatika," jirani alisema.

"Tulia. Mwaka jana uliharakisha, kikabaki nusu."

Bibi akageuka akaniona. Hakuona aibu. Aliniuliza tu, "Mdogo wako yuko wapi?"

"Barabarani. Kwenye maji."

Sikuwahi kumwona bibi akikimbia kabla ya siku ile. Alimtoa mdogo wangu kwa mkono mmoja, akamwogesha mara tatu kwa sabuni ya mche, akamsugua ulimi kwa chumvi mpaka akalia. Siku ya pili mtoto alianza kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele. Jioni macho yalikuwa yamezama, na ngozi ya tumbo ukiifinya ilibaki imesimama.

Tulimpeleka kwenye kambi ya kipindupindu. Vitanda vilikuwa vimetobolewa katikati, ndoo chini yake. Muuguzi mwenye buti za mpira alitafuta mshipa mara nne. Akauliza mtoto alikunywa maji gani.

"Watoto wa siku hizi hawasikii," bibi akajibu. "Nilimkataza dada yake asimwachie." Akanitazama. Nami nikainamisha kichwa, kwa sababu ilikuwa kweli kwamba nilisema "nenda".

Alipona. Leo ana ndevu, na hakumbuki chochote. Ningependa nikuambie kwamba bibi aliliziba lile tundu. Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, wingu jeusi likapanda upande wa Jangwani. Bibi akatuita ndani mapema, akatupa vitumbua vya moto, akafunga mlango wa mbele kwa komeo. "Leo hamtoki," akasema, kisha akajifunga khanga kiunoni na kwenda uani.

Nilikaa dirishani. Watoto wa mtaa walitoka wote na chupi zao, na binti wa fundi akaja mpaka chini ya dirisha letu, maji yakimfika magotini.

"Nesi, mtoe mtu wangu wa bahati. Siku hizi anajua kuelea."

Nilijua kinachokuja. Nilikuwa na sekunde, pengine dakika nzima, na kitumbua mkononi. Kichwani nilikuwa najadiliana na nafsi yangu: nikisema, mtaa mzima utajua ni choo chetu, bibi ataaibika, na pengine maji yatapita upande mwingine.

"Anaumwa," nikasema, nikafunga dirisha.

Shule ilipofunguliwa, dawati la binti wa fundi lilikuwa tupu. Mwalimu alisema nadhani wamehamia Buguruni. Alisema "nadhani". Kibaraza cha fundi kilikuwa hakina cherehani, na wapangaji wa mji huu huhama bila kuaga, hilo kila mtu analijua.

Nyumba zile sasa hazipo. Pamesimama ghorofa la maduka, na uchochoro umefunikwa zege. Bibi tulimzika, na msibani watu walimsifu kwa usafi. Watoto hawachezi tena barabarani pale, na wenzangu wanasikitika kila tukikutana. Mimi nikiwa Buguruni hutazama wanawake warefu wa umri wangu, mmoja mmoja, wakichagua nyanya, wakibeba watoto. Sijawahi kumwuliza mtu yeyote. Maadamu sijauliza, alihama.